Mtoto Aliyekatazwa Ardhi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya kijiji cha ujamaa upande wa Mgori, Mganga wa Zahanati alinikabidhi mizani ya kuning'iniza watoto, akanionya: "Hii itakuambia kilo tu. Mengine uliza macho yako." Nilikuwa mhudumu wa kliniki ya mama na mtoto, binti mwembamba mwenye sauti kubwa, na sauti hiyo bado ninayo.

Hatua za ukuaji tulizijua kwa kichwa: mtoto akaze shingo, aketi, atambae, asimame dede bila kushikwa, kisha aende tete, akiyumba kama mlevi wa pombe ya mtama. Aliyechelewa kidogo hatukumsumbua.

Ntandu alichelewa mno. Mwaka na nusu, na bado yuko mgongoni! Baba yake alikwisha kumwambia mkewe kwamba mavuno yakiisha arudi kwao na kiwete wake. Mama huyo alinisimulia akilia, nami nikapandwa na hasira nusura nidondoshe mizani.

Nikamsimamisha Ntandu juu ya benchi. Akasimama wima, akacheka, akanivuta sikio. Miguu ilikuwa mizima kabisa. Nilipomtoa nje uani nimshushe chini, bibi yake mzaa baba, aliyekuja nao, akamnyakua.

"Bibi, kulikoni?"

"Udongo huu haumjui," akasema. "Sisi tumehamia juzi tu. Kitovu cha baba yake kimezikwa kule kwetu. Huku tuna nini? Mjukuu wangu hakanyagi ardhi ya watu."

Mama mtoto akainamisha kichwa. Kutwa yeye alikuwa shamba la kijiji, bibi ndiye mlezi, na mama mkwe hapingwi.

Nikafungua mdomo kuhubiri. Mganga akanigusa bega, akamgeukia bibi.

"Mama, udongo unaomjua uko mbali?"

"Ukitoka alfajiri, adhuhuri umefika."

"Basi uletwe."

Baba, aliposikia miguu ya mwanawe ni mizima, akaenda mwenyewe na punda, akarudi na gunia la udongo kutoka mahame yao, kule walikohama. Tukaumwaga mbele ya nyumba yao mpya, tukamketisha Ntandu katikati. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuula. Tulicheka mpaka bibi akajifuta machozi.

Wiki zilizofuata alitambaa, akasimama dede, yote juu ya udongo wake. Asubuhi moja nimewatembelea, kuku akapita. Ntandu akamfuata, tete, tete, hadi ukingoni, kisha akauvuka. Baba akamshika mkewe mkono. Bibi akainuka nusu, mikono mbele, nikajua anamnyakua tena. Akaketi.

"Mwacheni," akasema. "Wameshajuana."

Baadaye nilihamishiwa Manyoni, kisha Nduguti, nikazeeka na mizani begani. Sasa nimestaafu, na kina mama vijana bado huniletea watoto waliochelewa. Wa kupelekwa hospitali nawahimiza wapelekwe upesi. Lakini kabla sijamgusa mtoto, namtazama kwanza aliyembeba.