Mama Colette Anabadilisha Plakete

Mushaki nzima iliitambua gari ya Mama Colette kabla haijaonekana. Ilikuwa RAV4 kuukuu ambayo rangi yake ilishasahau kama ni kijani ao bluu, na kila Jumamosi, siku ya posho, ilishuka soko la Sake na fromaji mia moja ndani, jibini alizotengeneza mwenyewe. Lakini wiki ile ikaanza kulia. Ukikanyaga freni, krrrr, kama sufuria inayokwanguliwa ukoko. Ng'ombe walikuwa wanatoka barabarani wenyewe, bila kupigiwa honi.

"Plakete zimekwisha," akajiambia Jumatano, akarudi nyumbani kwa gia ya kwanza. Plakete ni vile vibamba viwili vinavyobana sahani ya chuma nyuma ya gurudumu ili gari isimame. Zikiisha, chuma kinakula chuma, na mteremko wa Sake hauna huruma na mtu.

Hapo shemeji yake akapata la kusema. Jérémie alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, Eugène, na tangu mazishi, mwaka wa pili sasa, macho yake hayakubanduka kwenye ile gari. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Lakini mdomo! Alifika jioni ile ile, akaizunguka gari mara mbili, akaipiga tairi teke kama mnunuzi.

"Mama Colette, nilikuambiaka. Gari ya mwanaume inaomba mwanaume. Unipatie ufunguo, niichunge ndani ya familia."

"Ndani ya familia? Kwani mimi niko wa inje?"

"Aka! Sijasema vile. Lakini freni, weye unaweza kuitengeneza?"

Kuna maneno asiyopaswa kuambiwa mwanamke aliyetoka kukamua ng'ombe sita. Mama Colette akaweka ndoo chini.

"Sikia, shemeji. Siku ya posho nitafikisha fromaji Sake na hii gari. Freni nitaiweka mimi mwenyewe, hapa hapa kwenye lupango yangu, mbele ya nyumba. Nikishindwa, unabeba ufunguo. Nikiweza, ile maneno inakufa. Tumesikilizana?"

Jérémie akakubali upesi mno, hata moyo wa Mama Colette ukashtuka. Bila gari angewauzia fromaji wachuuzi wa barabarani kwa bei wanayotaka wao. Lakini si hilo lililomuuma zaidi. Ufunguo ule Eugène alimtia mkononi mwenyewe, pale kitandani, siku tatu kabla ya kufa. Kumpa mtu mwingine kungekuwa kumzika mume mara ya pili, na hakutaka.

Sasa utauliza, kwa nini asipeleke kwa fundi? Swali zuri. Mafundi wote wako Sake, chini ya mteremko. Ushuke bila freni kwenda kutafuta freni? Akampigia simu Papa Kasika, Munande kwa kabila, mwenye duka la vipuri Sake, naye akapandisha plakete mpya kwa pikipiki, zimefungwa kwenye gazeti, na onyo moja: "Mama yangu, upande wa chuma usiangalie sahani. Ukigeuza, umenitia haya."

Alhamisi asubuhi akajifunga kitenge kiunoni akaanza. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akalegeza nati, akanyanyua gari kwa kriki, akatoa gurudumu. Zamani alikuwa anamshikia Eugène spana, na mikono ilikumbuka zaidi ya kichwa. Bolti mbili nyuma zikafunguka baada ya kutukanwa kidogo. Plakete za zamani zilipotoka, moja ilikuwa imekonda kama hostia. Mama Colette akafanya ishara ya msalaba. Kumbe Jumamosi iliyopita alishuka Sake kwa neema tu.

Jérémie alikuwa ameketi juu ya bidoni ya maziwa, mikono kifuani, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Tatizo likaja hapo. Plakete mpya ni nene, na pistoni, kile chuma cha mviringo kinachozisukuma, ilikuwa imetokeza mbele, haitaki kurudi ndani. Akasukuma kwa vidole gumba. Wapi! Akasukuma kwa mpini wa nyundo. Wapi! Jérémie akakohoa kile kikohozi cha watu wenye furaha.

Mama Colette akasimama, akaingia chumba cha fromaji, akatoka na presi yake ndogo ya chuma, ile ya kukaza kwa skrubu, anayobania fromaji ndogo zitoe maji.

"Unatengeneza freni ao fromaji?" Jérémie akauliza.

"Nyamaza, utaona."

Akaifunga juu ya pistoni, akakaza polepole, nusu mzunguko, nusu mzunguko. Na ile chuma jeuri ikaingia ndani kwa adabu zote. Gurudumu la pili halikumchukua hata nusu ya muda. Saa sita akarudisha kila kitu, akaondoa mawe, akanawa, akapanda, akawasha gari na jeuri yake yote. Akairudisha nyuma kidogo, akakanyaga freni.

Mguu ukaenda mpaka chini, kama aliyekanyaga hewa.

Gari ikateremka lupango taratibu, haina haraka, ikapita mbele ya Jérémie, ikaingia matako yote ndani ya lundo la majani ya ng'ombe. Ndama wakatawanyika. Jérémie akacheka mpaka akashika ua asianguke. Kisha akanyoosha mkono.

"Ufunguo, shemeji."

"Leo si siku ya posho!" akamfokea. Machozi yalikuwa karibu, na hasira ya kuyaona karibu ikamzidi. Akabaki amekaa, mikono kwenye usukani, majani yamejaa kioo cha nyuma. Plakete ni mpya. Upande ni sawa. Sasa nini?

Akaitazama presi yake pale chini. Ukiifungua sana kutia fromaji, mizunguko ya kwanza haibani kitu. Unazungusha bure mpaka chuma kiifikie fromaji. Na yeye pistoni aliirudisha mpaka mwisho!

Akakanyaga. Chini. Akakanyaga tena. Nusu. Mara ya tatu freni ikamjibu. Mara ya nne ikawa ngumu kama mwamba.

"Jérémie," akasema, "songa kidogo, nitoke kwenye hii majani."

Jumamosi Jérémie akaja na shati safi. Alisema shahidi lazima aone kwa macho yake, akakaa mbele. Gari ikashuka kimya kabisa, kona baada ya kona, na Mama Colette akijisikia vizuri hata akaanza kuimba. Kwenye kona kali kundi la ng'ombe likachomoza barabarani. Akakanyaga. Gari ikasimama papo hapo. Fromaji zikagonga viti, na Jérémie akapiga kelele:

"Eugène!"

Si Colette, wala si Yesu. Ng'ombe wakapita mmoja mmoja. Jérémie akafuta uso kwa mkono wa lile shati safi.

"Kila siku ya posho nilikuwaka naye hapa, kwenye hii kiti," akasema. "Tangu tumuzike, hakuna muntu alinialika tena."

Mama Colette alijisikia vibaya, vibaya sana. Muda wote huo aliilinda gari dhidi ya mtu ambaye hata kuendesha hajui.

Walipofika Sake, Jérémie alishusha fromaji zote bila kuombwa. Kisha akabaki amesimama kando ya mlango, hajui aagane vipi. Ufunguo hakuutaja. Aliuliza tu, macho chini, kama siku ya posho ingine kutakuwa na fasi ya kukaa.

"Fasi ndiyo ile umetoka," Mama Colette akamwambia. "Panda, turudie nyumbani."