Kiti cha Kushukia

Wa kulaumiwa ni kulungu. Walikuja asubuhi moja ya kiangazi hapa kwetu Crystal, ughaibuni, wakapita kati ya nyumba yetu na ya jirani kama watu walioalikwa, wakala mchicha wote wa mke wangu, wakamalizia na matembele, kisha wakasimama kwenye nyasi wakitutazama dirishani. Mke wangu alikuwa ameihangaikia bustani ile tangu theluji ilipoyeyuka. Akafungua dirisha, akawaapiza kwa Kimvita kikali ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipohama Mombasa, na mwisho akasema, "Nyama yenu ingekuwa chunguni mwangu, mngejua adabu!"

Mimi nilisikia neno nyama tu. Nikaona nimepewa ruhusa.

Jirani yetu, mzee wa Kizungu aliyestaafu, huwinda kwa upinde kila vuli katika msitu wa binamu yake, kaskazini ya mji wa Anoka. Kila mwaka alikuwa akinialika, nami nikimjibu kwa tabasamu la mwenye duka, lile lisilokubali wala kukataa. Duka langu ni la vitambaa na viungo, siku nzima naketi nyuma ya kaunta, na tumbo langu ni shahidi. Safari hii nilimwambia ndiyo. Nikahudhuria darasa la usalama, nikalenga shabaha uwanjani hadi bega likauma. Kwamba kulungu wa kaskazini ya Anoka hawakuhusika hata kidogo na mchicha wetu, hilo halikunipitia akilini.

Mke wangu aliposikia kwamba kuwinda kwenyewe ni juu ya mti, aliacha kupepeta mchele.

"Juu ya mti?"

"Mnyama hatazami juu," nilimweleza, kwa ujuzi nilioupata juzi. "Kuna kiti maalumu. Kina vipande viwili, cha kukalia na cha kukanyagia, na kila kimoja kina waya mnene unaozunguka mti. Wainua cha juu, wajiegemeza hapo, wavuta cha chini kwa miguu, wasimama. Hivyo hivyo mpaka juu. Ukimaliza, wajitwika mgongoni. Ni portable."

"Na goti lako hilo?"

"Kina mikanda ya usalama. Si kama babako."

Hapo niliteleza. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mkwezi wa minazi huko Kilifi, hodari aliyekuwa akigombewa na wenye mashamba, na siku moja alianguka. Hakufa. Alilala barazani miaka yake yote iliyosalia, na mke wangu, akiwa msichana wa shule, ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumlisha. Nilidhani nitarushiwa ungo. Hakukasirika. Alipepeta kidogo, akachambua mawe, kisha akatoa sharti.

"Haya, nenda. Lakini nyama iliyokufa kwa mshale haiingii chunguni mwangu. Utashuka, umkute yu hai, umchinje kwa mkono wako. Ukimkuta kafa, mpe jirani yako."

Nikakimbilia kwa imamu. Imamu akanisikiliza kwa subira, akasema kwamba mwindaji akitaja jina la Mungu anapoachia mshale, na mnyama akafa kwa mshale huo, nyama ni halali, aile na ashukuru. Nikarudi nyumbani na fatwa yangu kama mtu aliyeshinda kesi. Mke wangu, aliyesomesha madrasa kabla hajakubali kuolewa nami, alinisikiliza hadi mwisho.

"Imamu kasema kweli," akasema. "Basi kaile kwake."

Ningeweza kuacha. Lakini nilitaka jambo moja, na nililitaka kwa ukaidi wa mtoto: mke wangu ale nyama niliyoitafuta mwenyewe. Tangu tuje nchi hii nimeleta nyumbani mifuko ya plastiki. Kuku wa mfuko, mbuzi wa mfuko, samaki aliyeganda mpaka anagonga meza. Nilitamani nionekane, japo mara moja, mlangoni mwa jiko lake nikiwa mtu aliyetoka mahali akapambana. Na jiko ni lake, sharti ni lake.

Ndivyo nilivyoingia kwenye duka la wawindaji, huku vichwa vya wanyama vikinitazama kutoka kila ukuta, nikitafuta kiti cha kushukia. Mke wangu alikuja pia, bila kualikwa, amevaa buibui na juu yake koti langu. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alitueleza kwa upendo kabisa habari za kupanda. Hiki chepesi, hiki hakipigi kelele, hiki hukupandisha ukiwa bado una pumzi.

"Na kushuka?" nikamuuliza.

"Kushuka ni vilevile, kinyumenyume tu."

"Kwa kasi gani?"

Akavaa miwani yake anitazame vizuri. Akasema watu hushuka wakiwa wamechoka na baridi, hajapata kumwona anayeharakisha; tena ukishapiga, wajuzi hukaa juu hukohuko nusu saa, mnyama atulie. Ikabidi nimweleze kisu, sharti, imamu na mke. Alisikiliza vizuri, akamtazama mke wangu kwa heshima ambayo mimi sikupewa, akaenda kuleta viti vingine.

Moyo wangu ulikwenda kwa kilichokuwa chepesi kuliko vyote. Nilikiinua kwa vidole viwili, nikajiona tayari nimeshapunguza tumbo. Mke wangu akakiweka sakafuni, akakikanyaga kwa mguu mmoja. Kikalialia.

"Hiki chepesi mpaka kitashuka bila wewe," akasema.

Cha pili kilikuwa na mto, mahali pa kuegemeza mikono, na pahali pa kuwekea kikombe. "Hiki utalala. Na goti halitafika nacho msituni." Akageukia cha tatu, cha uzito wa kati, hakina uzuri wowote. Akavuta waya, akabonyeza vifungo, akatia mkono kila tundu. Kisha akaniambia nimuulize yule mama: cha chini kikiniponyoka miguuni, itakuwaje?

Mama akatoa kamba fupi iliyokuwa imeviringishwa chini kabisa ya boksi. Ni ya kufungia vipande viwili pamoja, akasema, kikiponyoka kinaning'inia, unakivuta. Wengi hawaifungi. Huiacha kwenye boksi.

Mke wangu akaishika ile kamba kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu zake zote, akapiga fundo, akalifungua.

"Hiki."

"Lakini kizito kuliko kile," nikalalamika.

"Uzito utakushusha upesi."

Kwa elimu hiyo ya fizikia, nikalipa. Tulipokiingiza nyumbani, binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na hakijibu, alikitazama akasema, "Dad, it's a chair," akarudi kwenye simu yake.

Kisha yakaanza mazoezi. Jirani alikuwa na mti ulionyooka, usio na matawi chini, nyuma ya gereji yake. Kila alasiri nikitoka dukani, mke wangu alikuwa ameshafika hapo, amejitanda mtandio, ananisubiri.

"Mkanda?"

"Umefungwa."

"Kamba?"

"Imefungwa, mama."

"Mtu aliyevunjika mgongo hachinji. Panda."

Napanda, natulia, naachia mshale wa kufikirika, nashuka. Kaa, teremsha miguu, simama, teremsha kiti. Nikigusa ardhi jasho linanitoka katika baridi, na yeye hajabadilika uso.

"Kashakufa. Rudia."

Jirani alizoea kutoka na kikombe chake cha kahawa kuja kututazama. Siku moja aliniambia kwamba katika maisha yake yote ya kuwinda hajamwona mtu anayefundishwa hivi, akamvulia mke wangu kofia. Mke wangu akamjibu kwa Kiingereza kwamba mume wake ni mzito kuelewa. Mara kwa mara nilipokosea hatua, alinishika buti kutoka chini, akaliweka mahali pake, akalishikilia kidogo kabla ya kuliachia. Niliona ni ukali tu.

Siku yenyewe nilikuwa juu ya mti kabla jua halijachomoza. Jirani alikuwa kwenye mti wake, ng'ambo ya kijito. Nilikaa mpaka vidole vya miguu vikanisahau. Halafu kulungu dume akaja polepole akiokota mbegu za mialoni, akasimama ubavu, mahali pale pale ambapo vitabu vyote huomba asimame. Nikavuta upinde, nikasema Bismillahi, Allahu akbar, nikaachia.

Aliruka, akakimbia hatua chache, akaanguka nikimwona. Ubavu wake ulikuwa unapanda na kushuka. Yu hai! Nikaanza kushuka.

Kaa, teremsha miguu, simama, teremsha kiti. Nilikwenda vizuri mpaka katikati, nikaona kulungu ameinua kichwa, nikaharakisha. Cha chini kikaniponyoka.

Miguu ilibaki hewani. Nililala kifudifudi juu ya kiti cha juu nimekikumbatia, na kile kipande kingine kikining'inia chini yangu kwenye kamba yake, kikigonga shina, ko, ko, ko. Nilisema maneno ambayo hayakuwa Bismillahi. Niliogopa, nisifiche. Chini, ule ubavu ulikuwa bado unapumua. Jirani aliwahi kunisimulia kuhusu wanaume waliofungua mkanda wakaruka kutoka kimo kama kile. Nilipima kwa macho. Goti likanijibu kabla sijamaliza kupima.

Basi nikavuta kamba taratibu, nikaingiza buti moja, nikaingiza la pili, nikashuka hatua kwa hatua kama nilivyofundishwa. Nilipomfikia, nilimgusa jicho kwa unyasi. Hakupepesa. Kashakufa, na hapakuwa na kurudia.

Kisu kilikuwa kiunoni. Jirani alikuwa mbali. Ningekipitisha shingoni na nani angejua? Nilikitoa, nikakitazama, nikakirudisha alani. Kisha nikaketi juu ya majani makavu, mtu mzima mwenye duka, nikalia.

Nilifika nyumbani mchana. Jirani alikuwa amesisitiza nichukue paja angalau, nikifika nitaamua, na lilikuwa limebaki ndani ya gari. Mke wangu alikuwa jikoni. Hakuniuliza habari ya kulungu. Alinitazama miguu, akanitazama mikono, akanizunguka kunitazama mgongo. Kisha akakichomoa kisu kiunoni mwangu, akakiona ki safi.

"Nilichelewa," nikasema. "Cha chini kiliniponyoka. Kamba ikakizuia. Nikashuka polepole, nikamkuta kafa. Nitampa jirani."

"Hukuanguka?"

"Sikuanguka."

"Iko wapi nyama?"

"Garini."

"Basi ilete, nipike. Imamu si alisema ni halali?"

Hasira zilinipanda. Nilimuuliza kama ana akili, wiki zote zile, jasho lote lile, kashakufa rudia, kashakufa rudia, kwa nyama ambayo tangu mwanzo alijua ataipika!

Alikuwa ameshachukua kitunguu. Aliongea akikimenya, hakugeuka.

"Ningekwambia usipande, ungenisikia? Babangu alijua kupanda, Kilifi nzima wakimsifu. Hakutokea hata mmoja wa kumwambia, shuka upesi, nakungoja hapa."

Nilisimama pale mlangoni, pale pale nilipokuwa nimetamani kusimama. Alianza kukata kitunguu kwa kile kisu changu cha kuchinjia. Nikaenda garini kuleta nyama.