Mstari Aliosimama Mama

Juzi pale Kibaoni niliwaona wachuuzi wakichagua kiongozi wao kwa kujipanga nyuma ya wagombea, nikakumbuka alasiri ile kule Mofu, kijiji kilipomchagua baba kuwa kamanda wa sungusungu. Hewa ilinuka pumba za mpunga na samaki wa kukaanga. Mimi nilikimbilia nyuma ya baba. Mama alikwenda kusimama nyuma ya mpinzani wake, akitazama chini.

Njiani nikamuuliza, "Mama, kwani humpendi baba?"

"Tembea, mwanangu."

Nilimnunia hadi jioni. Sikujua kwamba wezi wa ng'ombe wakifuatwa porini, kamanda ndiye hutangulia, na mshale humpata yeye kwanza.

Waliosimama nyuma ya baba walijipanga tena msibani, kumpa mama mkono wa pole. Nami nilikuwa mmoja wao.