Nilitoa kichuma cha kwenye ekseli ili gari iwe nyepesi, keki ya harusi ikalipia

Habari zenu wakuu. Naona vijana humu mnashauriana kutoa kile kichuma cha mviringo kwenye ekseli eti ni mzigo. Nawapa yaliyonikuta, na sijaongeza chumvi.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Magari ya mtumba kutoka Japani yanamwagika mjini, na mimi muuza vitambaa Kariakoo nikajipatia langu. Ujiko wote Magomeni ukawa wangu.

Mpira wa ekseli ukachanika. Nikaenda gereji moja Buguruni kwa fundi Saidi, bingwa wa kujua kila kitu.

Akakiona kile kichuma. "Broo, hiki cha nini? Wajapani wanakiweka kwa ajili ya barafu ya kwao. Hapa Bongo kuna barafu? Kinatia gari uzito bure."

Kweli, barafu hakuna. Hoja nzito hiyo.

"Toa," nikasema, kama mtaalamu mwenzake.

Mjini gari ikatulia kabisa. Na mimi mjini sijawahi kuvuka hamsini, foleni itakuruhusu wapi?

Jumamosi ikawa harusi ya mdogo wangu Neema, Kibaha. Kazi yangu moja tu: kubeba keki. Ghorofa tatu, imeokwa na Mama Nilesh, jirani wa duka letu, kwa siku mbili. Shangazi Eliada akakaa nyuma kuishikilia.

Tulipotoka nje ya mji, nikakanyaga mafuta. Sabini, poa. Themanini, gari ikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria.

"Wewe! Meno yananigongana!" Shangazi akapiga kelele.

"Barabara mbovu, shangazi."

Lami ilikuwa mpya, wakuu. Inang'aa.

Ghorofa ya juu ya keki ikamwangukia shangazi mapajani. Ya kati ikapasuka. Tulifika na ghorofa moja, na shangazi amepakwa krimu mpaka kwenye hereni.

Neema akaiangalia keki, akaniangalia mimi. "Kaka, si bora ungekuja kwa miguu?" Halafu akalia, na shela lake kichwani. Hapo hata mimi kejeli ziliniisha.

Jumatatu nikarudi kwa Saidi. Akazunguka gari, akakuna kichwa: "Itakuwa kuna kitu kingine kimezidi. Tukitafute tukitoe."

Nikaondoka kabla hajafika kwenye injini.

Mtaa wa Gerezani, kule jirani na Kariakoo, nikampata fundi mtu mzima. Shikamoo, marahaba, akainama chini mara moja tu. "Kile chuma ndicho kinachomeza mtetemo wa ekseli ikizunguka kwa kasi. Nani kakitoa?"

Nikamwambia nimeinunua hivyo hivyo.

Akanifungia cha mtumba. Nikaenda mpaka Kibaha peke yangu, tisini, gari haitetemeki hata kidogo. Nikapaki pembeni nikajisikia mjinga kweli kweli.

Nilichojifunza: kutojua kazi ya kitu si sababu ya kukitoa. Aliyekiweka alisomea, fundi wako alikisia.

Mliotoa na magari yenu yako shwari, karibuni mnibishie. Ila semeni mnaendesha spidi ngapi, na nyuma mmempakia nani.