Uzi Mwekundu, Uzi wa Bluu

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alichagua njiwa kama anachagua shati la Krismasi: rangi nyeupe, kifua kipana, mwendo wa maringo. Mimi hayo sikutaka hata kuyasikia! Pale kwetu Katumba, miaka ile ya tisini, kila nikienda Kabungu nilibeba njiwa wachanga kikapuni, nikawaachie huko. Atakayerudi nampa mwenza, nazalisha. Asiyerudi, safari njema. Na sheria ya banda langu ilikuwa moja: aliyerudi haliwi.

"Shemeji, hako kanjiwa kako ka kijivu ni ka mchuzi tu," akanitania mbele ya watu.

Damu ikanichemka. Nikamwambia tushindane, wangu na wake, kutoka kijiji cha Mamba, mbali kule, na atakayeshindwa njiwa wake anaingia sufuriani. Mama mkwe akasikia, akadaka neno palepale. Nikajuta! Yule wa kijivu ndiye mama wa banda zima, tena alikuwa na makinda.

Dereva wa lori la mpunga akaondoka nao, wangu na uzi mwekundu mguuni, wake wa bluu. Makubaliano yalikuwa mshindi ni atakayewahi kuushika uzi mkononi, siyo njiwa kutua tu juu ya paa. Siku ya kuachiwa, hadi saa nne asubuhi shingo zilikuwa zinatuuma kwa kuangalia juu.

"Huyooo!"

Wangu! Katua juu ya banda, mweupe hata haonekani. Jamani, mama mkwe akapiga vigelegele kama yuko harusini, majirani wakaitikia, njiwa wangu akashtuka akarukia juu ya mti.

"Nyamazeni nyie!" nikafoka, heshima ya mkwe nikaisahau.

Mara mweupe akatua kwa shemeji, ng'ambo ya ua. Akawa anatembea tu juu ya bati kwa maringo. Shemeji anatikisa kopo la mahindi, anabembeleza. Mimi machozi yananilenga. Ndipo makinda wakalia bandani. Wangu akashuka, akaingia moja kwa moja. Nikachomoa uzi mwekundu, nikaruka, nikaruka tena!

Shemeji alimleta mweupe mwenyewe, kamfunga miguu. Utani wote umemwisha.

"Maji yamechemka," akaita mama mkwe.

Nikamwangalia yule ndege. Katoka Mamba, mapori yote yale, mwewe kibao, na kafika. Nikafungua kamba, nikamrusha. Akavuka ua, akaenda kwao. Shemeji akamkimbilia, anacheka huku anafuta macho.

"Sasa tunakula nini?"

"Dagaa, mama."