Nimeenda kuona nyumba Nyamasaria, nikalishwa omena

Leo nimelishwa na mama ambaye nilikuwa karibu kuchukua nyumba yake.

Keateka, msimamizi wa ploti, alibaki getini. "Panda tu. Huyo mama anahama mwisho wa mwezi, anajua unakuja."

Nikabisha. Mama akafungua, mezani ugali na omena.

Mnajua vile huku huwezi kukuta watu wakila halafu usimame mlangoni. Kabla nijieleze, nilikuwa nimeshanawa mikono.

Tonge la tatu, akasema, "Afadhali wamekutuma. Hiyo sinki imevuja tangu mvua ianze. Ukitengeneza, napaka jikoni rangi."

Rangi. Jamani, mtu anayehama hapaki rangi!

Nyinyi mngesema nini, na mkono uko kwa sahani yake?

"Mama, mimi si fundi. Nimeambiwa unahama, nikaja kuona nyumba."

Akaacha kutafuna. Akaangalia mapazia yake, akaniangalia mimi.

Halafu akanisukumia sahani. "Kula umalize, baba. Si kosa lako. Lakini mimi sihami."

Nikamaliza yote.

Kule getini keateka alikuwa anatabasamu. "Sasa, umeipenda?"

"Nimeipenda," nikamwambia. "Lakini iko na mtu."