Jaribio la Akina Neema Wawili

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, na sioni haya kukuambia hivyo. Sikiliza kisa chake, maana ninyi mnaojenga mifumo leo mna zana bora kuliko zetu, na naona mnaelekea shimo lile lile.

Nilikuwa kijana katika ofisi ya Mzee Jaswant, hapa Arusha mjini, ghorofani juu ya duka la vipuri la ukoo wake. Tulitengeneza mfumo wa hospitali moja magharibi ya Mlima Meru: maabara inaingiza majibu ya vipimo, nesi anayasoma kwenye kompyuta yake. Kila tulipobadilisha kitu, mtambo wa kujenga, yaani programu ya kukagua kazi yetu, uliikusanya programu yote na kuipitisha kwenye majaribio tuliyoyaandika. Yakifaulu yote, taa ya kijani iliwaka kwenye skrini, na mtambo ukaipeleka programu kwenye seva ya hospitali bila mkono wa mtu. Likishindwa hata moja, taa ilikuwa nyekundu na safari ikaishia hapo. Ni kazi ya heshima ile. Mtambo haujui cheo wala haumwogopi bosi.

Lakini ofisini tulikuwa na mchezo wa kipuuzi. Aliyesababisha nyekundu alivishwa shuka jekundu la Kimasai lililotundikwa ukutani, akae nalo mpaka jioni, na kila apitaye amuulize ng'ombe wake wamelala wapi. Tulicheka sana. Hata leo sijui ni nini kilichotuchekesha.

Kiongozi wetu, Kaka Elibariki, hakuwahi kulivaa, na alijivunia hilo. Wiki ile alikuwa amebadilisha namna ya kutafuta majibu ya maabara: badala ya namba ya faili, nesi aandike jina na tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu ni haraka zaidi. Mtambo ukatoa nyekundu. Jaribio lililoshindwa lilikuwa na wagonjwa wawili wa mfano, wote Neema Mollel, wote wamezaliwa Januari mosi ya mwaka mmoja, na mfumo ulimpa mmoja majibu ya mwenzake. Mtu wa mbali angeliona la kubuni. Sisi wa huku tunajua akina Mollel walivyo wengi, na wangapi wamekisiwa siku ya kuzaliwa wakaandikiwa Januari mosi.

Wageni walikuwa njiani kuja kuutazama mfumo. Rehema, aliyekaa meza moja na Elibariki, alimwambia jaribio lile lina maana. Alinisimulia baadaye jibu alilopewa: "Dada, unataka nivae shuka mbele ya wageni? Hao akina Neema ni wa mfano tu." Akauamuru mtambo uruke majaribio. Kijani ikawaka, wageni wakapiga makofi, toleo jipya likaenda hospitalini.

Mimi nilikuwa huko hospitalini, nikiwafundisha manesi. Ndiyo maana niliona kwa macho yangu gari la jirani likimleta Neema Mollel wa Oldonyo Sambu, mjamzito, midomo imepauka, hajitambui. Siku chache kabla alikuwa amepimwa, nesi akamwambia damu yake inatosha, arudi nyumbani. Majibu aliyosomewa yalikuwa ya Neema Mollel mwingine, wa Moshono, aliyeandikiwa tarehe ile ile ya kuzaliwa. Waliokoa maisha yake kwa damu ya kuongezewa. Mtoto hawakumwahi.

Nilirudi ofisini moja kwa moja. Nilipomweleza Elibariki, rangi ilimtoka, lakini ulimi wake ukakimbilia kujitetea: "Dogo, tulia kwanza. Mtambo ulitoa kijani. Kungekuwa na shida ungekataa."

Mzee Jaswant alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakupandisha sauti. "Ulikataa, Elibariki. Ukauziba mdomo, na sasa unasema ulikubali."

Nikadai afukuzwe pale pale. Mzee akanigeukia. "Huyu ataondoka, na kabla hajaondoka atakwenda nami kwa mama yule, aseme kwa kinywa chake alichofanya. Lakini ninyi mnaobaki, mlimfundisha nini? Hapa mtu akionyeshwa kosa lake anafanywa kichekesho. Mlitegemea atalileta mezani?"

Siku ile ile toleo lile liliondolewa, na namba ya faili ikarudi mahali pake.

Sasa nasikia vijana wenye shahada nzuri wakijisifu kwamba wanapeleka toleo jipya kabla chai haijapoa, na majaribio wameyazima "kwa muda". Nani aliwapa ruhusa hiyo? Mgonjwa hakuulizwa. Mkulima anayengoja jibu la mfumo wenu hakuulizwa. Mnauita uzembe kasi, mnauita uzoefu, nami nauita kwa jina lake: ni uongo, na kuuagiza mtambo uuseme hakuupunguzi hata kidogo.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Jaribio likishindwa, simamisha kazi, hata kama mgeni yupo mlangoni na bosi amekunja uso. Kama jaribio lenyewe lina kasoro, lirekebishe mchana kweupe, mwenzako akiona. Usimcheke anayekuja kusema amekosea. Mvutie kiti, mtafute kosa pamoja. Na usiseme jina lolote kwenye skrini ni la mfano tu, maana mwenye jina hilo yupo, naye anakuamini bila kukujua.

Mungu akupe uti wa mgongo wa kusema "bado" pale wote wanapotaka kusikia "tayari". Na kila mama atakayetibiwa kupitia kazi ya mikono yako, arudi nyumbani na mtoto wake.